Nyoka wa Nokia na kete za maziwa

Oktoba 2005 Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania kwa sababu ya vita walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, Kongo. Waliukuta mji usio na gridi ya umeme, na juu yake milima ya Fizi ambako barabara huisha mvua ikinyesha. Mahali kama hapo simu ya maana ni ile inayokaa na chaji. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikaa na chaji kwa siku kadhaa, ilikuwa na tochi, haikuogopa vumbi. Na ndani yake aliishi nyoka.

Nyoka huyo ni wa Ufini. Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia, ndiye aliyemtia kwenye simu ya 6110 mwaka 1997, ingawa wazo lenyewe lilikuwepo tangu mashine za Blockade za mwaka 1976. Kioo kilikuwa na nukta 84 kwa 48, nyeusi tupu. Nyoka anakula, anarefuka, mwisho anajigonga. Utamu wote uko hapo: hakuna adui wa kumlaumu. Mara nyingi kinachokuua ni mkia ulioulisha mwenyewe, tonge baada ya tonge, na kwa kuwa kosa ni lako unaanza tena kabla hasira haijapoa.

Ila kwa watu wa Maziwa Makuu, cha kushangaza hasa hakikuwa nyoka. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilibeba pia Bantumi, mchezo wa kete wenye mistari miwili ya mashimo sita. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Burundi, wanacheza ikibuguzo; Rwanda, igisoro; pwani, bao la mashimo 32 na kete 64. Ufini ilituuzia bao letu, tena lililopunguzwa! Na bado watu walilicheza, maana akili ya mchezo huo haikai kwenye ubao. Imo kichwani mwa anayehesabu kete zitaishia wapi, basi hata kioo kibovu hakiipunguzi.

Mwaka 2017 jina la 3310 lilirudishwa sokoni. Nyoka naye alirudi, kazi ya kampuni ya Gameloft, safari hii akiwa na rangi na mapambo. Anapendeza. Mimi namwona amenenepa tu.