Mfumo mpya wa simu ukija kijijini: jaribio la kuthibitisha wazo ni nini?

Siku hizi haipiti miezi mingi bila wageni kufika kijijini na vishikwambi, wakisema wanajaribu mfumo mpya: wa mbolea, wa bei za mazao, wa kliniki ya wajawazito. Ukiwauliza kama mfumo huo utadumu, wanajibu, "Bado ni majaribio." Wasikilizaji wetu, jibu hilo lina maana zaidi ya moja.

Wataalamu wa mifumo ya habari wana hatua ya mwanzo kabisa wanayoiita uthibitisho wa wazo. Hapo swali ni moja tu: jambo hili linawezekana? Kwa mfano, simu ya kitochi inaweza kutuma idadi ya dawa ikasomeka kwenye kompyuta ya wilaya? Hilo hujibiwa hata ofisini, kwa simu mbili na kompyuta moja. Baadaye hutengenezwa mfano wa mfumo, ungali mbichi, ili watu waushike na kuubonyeza. Kisha ndipo huja majaribio ya uwandani, ambako wazo hukutana na betri iliyoisha, mtandao unaopatikana juu ya kichuguu tu, na muuguzi aliye peke yake zamu nzima. Majina ya hatua hizi huchanganywa sana, hata na wataalamu wenyewe.

Mfano mzuri tunao hapa Tanzania. Mwaka 2009 hadi 2010 ulijaribiwa mfumo ulioitwa SMS for Life katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Wizara ya Afya ilishirikiana na mpango wa kimataifa wa Roll Back Malaria na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM. Tatizo lenyewe analijua kila mzazi aliyefika zahanati na mtoto mwenye homa akaambiwa dawa hakuna. Dawa zinaisha kituoni, na wilayani hawana habari.

Kila Alhamisi mfumo ulituma ujumbe kwenye simu ya mhudumu wa kituo, ukimuuliza ana kiasi gani cha dawa za malaria: pakiti za aina nne za dawa mseto, na kwinini ya sindano. Kujibu kulikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati alipewa muda wa maongezi. Aliyechelewa alikumbushwa Ijumaa. Jumatatu wilaya ilipata taarifa ya vituo vyote.

Majaribio hayo yalichukua wiki 21 katika vituo 129, na vituo viliendelea kujibu vizuri hadi mwisho. Lakini ujumbe kufika si ushahidi wa kutosha, kwa sababu mtu anaweza kutuma namba yoyote. Kwa hiyo wakaguzi walikwenda vituoni, wakahesabu dawa kwenye rafu na kulinganisha na kilichotumwa. Usahihi ulikuwa asilimia 94. Kwetu sisi, safari hizo za kuhesabu ndizo kazi halisi ya uthibitisho, na ndizo zinazorukwa kwanza fedha zikipungua.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini walitoka asilimia 57 hadi sifuri. Kigoma Vijijini walitoka 93 hadi 47, yaani karibu nusu ya vituo bado vilikuwa na upungufu. Ujumbe wa simu haubebi dawa: unamwambia mtu wa wilaya wapi zimeisha, kisha gari, mafuta na uamuzi wake ndivyo vinavyozifikisha. Tena haikuwapo wilaya ya kulinganisha isiyotumia mfumo, kwa hiyo ni vigumu kusema mafanikio yote yalitokana na simu. Hata hivyo matokeo yaliwaridhisha wahusika, na mwaka 2011 mfumo ukapelekwa nchi nzima, vituo zaidi ya 5,000.

Wakati mwingine jaribio hujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kenya, Oktoba 2005, M-Pesa ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika kwa wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliweka fedha kabla ya safari wakazitoa walikokwenda. Upande wa mikopo ulisumbua, hesabu za simu na za taasisi hazikuoana kirahisi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kilichouzwa kilikuwa kutuma fedha nyumbani.

Basi wageni wa vishikwambi wakifika kwako, waulize wanataka kujua nini hasa, na watajuaje kama wamekosea. Waulize pia nani atalipia ujumbe na vifaa mradi ukiisha, na kama daftari la zamani litaendelea kujazwa wakati huo. Daftari likiachwa mapema na mfumo ukafa, kituo kinabaki bila kumbukumbu za miezi hiyo.

Tena uliza taarifa zako zinakwenda wapi. Mfumo unaweza kuwa wa majaribio, lakini namba yako ya NIDA na hali ya ujauzito wako ni vya kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze anazikusanya kwa ajili gani, nawe ukiona zimetumiwa vibaya unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.