Njia ya Dhahabu: Kutoka Fez Hadi Sijilmasa

Miongoni mwa safari za utalii zinazouzwa nchini Moroko, mojawapo inayopendwa sana huanzia Fez, ikavuka milima ya Atlas na kuishia Merzouga, ambako matuta ya mchanga ya Erg Chebbi hupanda hadi mita 150 hivi. Kabla ya kuufikia mchanga, gari hupita katika mji mdogo wa Rissani. Wageni wengi hushuka hapo kununua maji na vilemba, kisha huondoka haraka ili wawahi kupanda ngamia jua likizama. Kando ya mji huo upo uwanja mpana wa udongo, umetapakaa vigae na mabaki ya kuta. Hapo ndipo iliposimama Sijilmasa, bandari ya jangwa iliyopokea dhahabu ya Afrika Magharibi kwa karne nyingi. Kwangu mimi, hicho ndicho kituo kikuu cha safari nzima, na sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kushuka hapo.

Sababu hiyo ni Ibn Battuta. Msafiri huyu, mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba unaoitazama bahari. Aliusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akaeleza kuwa Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kusini, na kwamba huko huletwa dhahabu ya vumbi kutoka bara. Dhahabu hiyo ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe. Sarafu ya shaba ya Sultani huyo imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe kwenyewe. Miaka ishirini baadaye, Ibn Battuta yuleyule alikuwa Sijilmasa akinunua ngamia wa kumvusha Sahara kwenda Mali. Ukiitandaza ramani ya Afrika ya karne ya 14, dhahabu ilikuwa na milango mikubwa miwili: wa mashariki ulifunguka baharini, Kilwa na Sofala, wa kaskazini ulifunguka mchangani, Sijilmasa. Yeye aliipita yote miwili na kuacha maelezo.

Fez ndio mji uliozila faida za mlango wa kaskazini. Idris wa Kwanza, mtu wa ukoo wa Mtume aliyekimbia vita na Waabbasi huko Uarabuni akapokewa na Waamazigh, aliuanzisha mwaka 789, na mwanawe akaujenga ng'ambo ya pili ya mto. Mapokeo yanasema msikiti wa Qarawiyyin uliasisiwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri, binti wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kairouan. Huo ndio uliokua ukawa chuo ambacho wanazuoni wa Kiislamu wa pande zote za magharibi walikitaja kwa heshima. Mji mkongwe haujapanua njia zake: nyumbu na punda wangali wanapakiwa ngozi, saruji na mitungi ya gesi, na wachungaji wao hupaza sauti "Balak!" ili watu wajibanze ukutani. Katika mabirika ya Chouara, ngozi hulowekwa kwenye chokaa na kinyesi cha njiwa kabla ya kutiwa rangi, na mafundi huingia humo kwa miguu mitupu. Mgeni hupewa jani la mnanaa alishike puani.

Lakini simama mbele ya madrasa ya Bou Inania, utazame mbao za mwerezi zilizochongwa na plasta iliyotobolewa kama kitambaa, ujiulize ni nini kilicholipia kazi ile. Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini aliijenga katika miaka ya 1350, na utawala wake ulishikilia njia ya kusini. Ni huyohuyo aliyemtaka Ibn Battuta asimulie safari zake, akampa mwandishi, Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada. Kazi ilikamilika Desemba 1355. Hebu fikiria: maelezo ya mtu aliyeiona Kilwa ya karne ya 14 kwa macho yake, ambayo kila mwanahistoria wa pwani yetu hurudi kwayo, yaliandikwa Fez na mtu ambaye hakuwahi kuiona Bahari ya Hindi. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyekuwa katika baraza la Abu Inan ujanani mwake, anakumbuka jinsi watu walivyonong'ona kuwa msafiri huyu ni mwongo. Waziri mmoja alimwonya asikanushe habari za nchi za mbali kwa sababu tu yeye hajazifikia. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamemtetea Ibn Battuta vya kutosha.

Kutoka Fez hadi Rissani ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ni mlima. Barabara hupita misitu ya mierezi karibu na Azrou, ambako kima wasio na mkia hushuka kuomba karanga, halafu nyanda za baridi za Midelt, halafu kipito cha Talghemt, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari. Leo ni kazi ya siku moja kwa gari. Ibn Battuta alipita njia ya milimani mwishoni mwa Desemba 1353, akirudi kutoka Mali, akakuta theluji. Mtu huyu aliyekuwa ameshaona theluji ya Bukhara, Samarkand na Khurasani alisema hakuwahi kuona njia ngumu kuliko ile.

Na theluji hiyo ndiyo iliyoilisha Sijilmasa. Mto Ziz huanzia Atlas na kushuka kusini katika korongo jembamba, ambamo wanajeshi wa Ufaransa walitoboa mlango wa barabara kwenye mwamba mwishoni mwa miaka ya 1920. Chini ya korongo mto huingia katika bonde la mitende, utepe wa kijani uliobanwa na majabali mekundu pande zote mbili, mpaka unapotawanyika Tafilalt na kupotea mchangani. Mafuriko makubwa ya mwaka 1965 yalileta uamuzi wa kujenga bwawa, lililokamilika mwaka 1971 karibu na Errachidia. Pembezoni mwa Tafilalt msafiri huona vichuguu vya udongo vimepangana mstari mrefu jangwani. Ni midomo ya visima vya khettara, mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi kwa mteremko mdogo kiasi kwamba maji huenda yenyewe hadi shambani bila kuvukizwa na jua. Nyingi zimekauka, kwa kuwa pampu za injini zimeyashusha maji mbali. Afadhali kiongozi wa safari aache kusimulia filamu zilizopigwa jangwani, awaonyeshe wageni kazi hii ya mikono.

Sijilmasa iliasisiwa mwaka 757, na hivyo ni kongwe kuliko Fez. Waanzilishi wake walikuwa Waamazigh wa madhehebu ya Khawarij, waliogoma kutawaliwa kutoka mashariki na waliosema kwamba anayestahili uongozi ni mcha Mungu, awe wa kabila lolote. Kiongozi wao wa kwanza, Isa bin Yazid, alikuwa mtu mweusi. Baadaye ukoo wa Midrar ulishika madaraka na kuuzungushia mji ukuta. Watu wa Sijilmasa hawakuchimba dhahabu hata punje. Walichokuwa nacho ni maji, tende, ngamia na subira. Misafara ilitoka hapo ikibeba nguo, shaba na bidhaa za Mediterania, ikaongeza chumvi njiani, na kurudi na dhahabu kutoka nchi za Ghana ya kale na baadaye Mali. Mwanajiografia Ibn Hawqal, aliyefika mwaka 951, aliandika kuwa aliona hati ya deni ya dinari 42,000 aliyodaiwa mfanyabiashara wa Awdaghust, ng'ambo ya jangwa, na mwenzake wa Sijilmasa. Alikiri kuwa hakuwahi kusikia kitu cha namna hiyo katika nchi za mashariki alizotoka. Karatasi moja, ikivuka miezi miwili ya mchanga na kuheshimiwa pande zote: hiyo ndiyo alama ya mji ulioaminiwa.

Kila mwenye tamaa ya ufalme aliutaka. Mwaka 909 Ubayd Allah, aliyekuwa amezuiliwa humo, alitolewa na wafuasi wake akaenda kuasisi dola ya Wafatimi, ambayo baadaye ilijenga Kairo. Katikati ya miaka ya 1050 Wamurabituni walitoka jangwani wakauteka, wakapiga dinari za dhahabu zilizosifika hadi Ulaya kwa usafi wake. Mwaka 1992 wanaakiolojia wakichimba Aqaba, nchini Jordan, walipata akiba ya dinari 32, na nyingi zilikuwa zimepigwa Sijilmasa. Huenda mwenye mali alikuwa njiani kwenda Hija. Dhahabu iliyotoka magharibi mwa Afrika ilikuwa imefika mlangoni mwa Uarabuni.

Anguko la Sijilmasa lilitoka ndani. Msafiri Leo Africanus, aliyekaa Tafilalt mwanzoni mwa karne ya 16, alikuta kuta zimebomoka na watu wamehamia vijijini mwao, kila kijiji na ngome yake ya udongo. Walioasi utawala mwishoni mwa karne ya 14 walikuwa wameugawa mji vipande vipande. Sehemu iliyokarabatiwa baadaye iliharibiwa tena na kabila la Ait Atta mwaka 1818. Nyumba za udongo zikiachwa bila matengenezo, mvua chache za jangwani zinatosha. Uchimbaji uliofanywa kati ya 1988 na 1998 na Ronald Messier pamoja na wataalamu wa Moroko ulifunua misingi ya msikiti, nyumba na mifereji. Hata hivyo, eneo lenyewe halijapewa ulinzi linaostahili, na inauma kuona punda wamefungwa katika magofu ya mji uliokopesha dunia.

Tafilalt haikufa pamoja na mji. Kutoka hapa uliinuka ukoo wa Alawi, ambao Moulay Rachid aliuingiza Fez mwaka 1666 na ambao hadi leo ndio unaotawala Moroko. Kaburi la babu yao, Moulay Ali Cherif, liko karibu na Rissani na hutembelewa kwa heshima kubwa. Soko la Rissani hujaa Jumapili, Jumanne na Alhamisi: kondoo, viungo, ngozi, na madfouna, mkate uliojazwa nyama na vitunguu. Na kuna tende. Ibn Battuta alisema tende za Sijilmasa zinazishinda hata za Basra. Mitende mingi imeuawa na ugonjwa wa kuvu uitwao bayoud, ambao uliharibu mamilioni ya miti nchini katika karne ya 20, lakini wakulima wangali wanapanda machipukizi mapya.

Kuhusu kuongozwa jangwani, Ibn Battuta ana habari ambayo kila mwenye kampuni ya utalii angepaswa kuisoma. Msafara wake, ulioondoka Februari 1352, ulimkodi mtu mmoja wa kabila la Massufa kwa mithkali 100 za dhahabu atangulie peke yake hadi Walata, awaombe watu waje na maji siku nne kabla ya mji. Mjumbe akifa njiani, msafara wote huenda ukaangamia. Na yule aliyewaongoza wao wenyewe alikuwa chongo, jicho la pili likiwa gonjwa, na bado hakuna aliyeijua njia kama yeye. Baada ya siku 25 walifika Taghaza, kijiji ambacho nyumba na msikiti vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Waliochimba chumvi ile walikuwa watumwa, wakiishi kwa tende za Tafilalt, nyama ya ngamia na mtama ulioletwa kutoka kusini. Mzigo mmoja uliuzwa Walata kwa mithkali 8 hadi 10. Ukifika mji mkuu wa Mali, ulifikia 20, 30, hata 40.

Utajiri huu hauwezi kusimuliwa bila watumwa. Ibn Battuta mwenyewe aliondoka mji wa Takedda Septemba 1353 pamoja na msafara uliokuwa na wanawake watumwa 600, na anawataja kama mtu anavyotaja shehena. Karibu na Merzouga kipo kijiji cha Khamlia, ambako wazao wa watu waliovushwa jangwa hupiga ngoma za Gnawa na matoazi ya chuma. Wageni hupelekwa kucheza nusu saa na kunywa chai. Waambiwe pia babu za wapigaji hao walifikaje pale. Sisi tunaoijua Bagamoyo na soko la watumwa la Unguja hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Milango yote miwili ya dhahabu iliguswa na meli zilezile. Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome Elmina, wakaanza kuivuta dhahabu ya magharibi kuelekea baharini. Mwaka 1505 waliipora Kilwa na kujiweka Sofala. Misafara ya Sahara iliendelea, ila njia zilihama na faida ikapungua. Taghaza iliachwa mwishoni mwa karne ya 16, wachimbaji wakahamia Taoudenni, kusini zaidi. Leo mpaka wa Moroko na Algeria umefungwa tangu 1994, kwa hiyo gari la mtalii hugeuzia Merzouga. Taoudenni ingali inatoa chumvi. Mabamba hukatwa kwa mkono na kupelekwa Timbuktu kwa malori, na mengine bado kwa ngamia.