Chuma cha Wahaya

Sisi mafundi wa mageti tunanunua nondo na bomba dukani, tunachomelea, tunapaka rangi, kisha tunajiita watu wa chuma. Wazee wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walianzia kwenye jiwe.

Jiwe hilo ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Joto tupu halivitenganishi. Gesi ya makaa ndiyo huinyakua oksijeni. Basi walichimba shimo, wakachomea humo matete mpaka yakawa makaa, na juu yake wakajenga tanuri la udongo wa kichuguu, unaostahimili moto. Mabomba ya udongo waliyapenyeza ndani ya tanuri, hivyo upepo wa mivukuto ulipashwa moto njiani. Chuma kilikutana na kaboni ya matete, sehemu yake ikawa chuma cha pua.

Mwaka 1978, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza ufundi huo katika jarida la Science, baada ya wazee kuurudia mbele yao. Walitaja joto la zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi. Chuma safi huyeyuka kwenye 1,538. Wataalamu wengine walibishia habari ya upepo kupashwa moto. Lakini huko Katuruka, karibu na Bukoba, mabaki ya matanuri yanaonyesha kazi hii ina umri wa takriban miaka 2,000.

Kazi hiyo iliuawa na majembe ya Ulaya: yaliletwa kwa bei ambayo mchoma makaa na mvukutaji wasingeweza kushindana nayo.