PENSHENI, BEI NA MISHAHARA: MAFUNZO KUTOKA HISTORIA YA UINGEREZA

Mfanyakazi akizeeka hawezi tena kuuza nguvukazi yake, na tangu hapo maisha yake hutegemea pensheni. Swali linalowakabili wafanyakazi wa kila nchi ni hili: pensheni ikishapangwa, ni nani anayeilinda isiliwe na kupanda kwa bei? Tunachambua hapa historia ya Uingereza, nchi ya kibepari yenye viwanda vya siku nyingi, kwa sababu huko mapambano juu ya swali hilo yamedumu zaidi ya miaka 100.

Sheria ya Pensheni ya Uzeeni ilipitishwa mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909. Mzee maskini aliyefikia umri wa miaka 70 alilipwa hadi shilingi 5 kwa wiki. Hiyo ilikuwa hatua ya mbele, kwani kabla ya hapo wengi waliishia katika nyumba za maskini, ambako msaada uliandamana na fedheha. Lakini sheria ilitaja kiasi cha fedha bila kulinda thamani yake. Vita ya 1914-1918 ilipandisha bei zaidi ya maradufu, na shilingi 5 hazikuweza tena kununua hata nusu ya mahitaji yale yale. Mwaka 1919 Bunge lililazimika kuongeza kiwango kikawa shilingi 10.

Sheria ya Bima ya Taifa ya 1946 iliijenga pensheni juu ya michango ya wafanyakazi. Hata hivyo, nyongeza ziliendelea kutegemea hiari ya serikali iliyokuwapo. Ndipo katika miaka ya 1970, bei zilipopanda kwa kasi, vyama vya wafanyakazi, Jack Jones akiwa mstari wa mbele, vilidai pauni 10 kwa wiki kwa mstaafu asiye na mwenzi. Zilipatikana Julai 1974. Mwaka uliofuata, chini ya Waziri Barbara Castle, sheria iliagiza pensheni ipande kwa kufuata bei au mishahara, kwa kutegemea kipi kimepanda zaidi. Hivyo mstaafu na mfanyakazi aliye kazini wakafungwa katika kamba moja.

Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliikata kamba hiyo. Pensheni ikaachwa ifuate bei peke yake. Mtu aweza kuuliza: kuna dhuluma gani, ikiwa mzee bado ananunua mkate ule ule? Dhuluma ni kwamba utajiri wa nchi uliendelea kukua, naye aliyeujenga akaachwa nyuma. Pensheni ya msingi, iliyokuwa karibu robo ya wastani wa mshahara, ilishuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Aprili 2000 wastaafu waliongezewa pensi 75 tu kwa wiki. Tena aliyewaongezea kiasi hicho ni chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi wenyewe!

Tangu 2011 nyongeza imefuata bei, mishahara au asilimia 2.5, kwa kutegemea ipi ni kubwa. Lakini Aprili 2022 kipimo cha mishahara kiliwekwa kando, nyongeza ikawa asilimia 3.1, wakati bei mwezi huo zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9 katika mwaka mmoja. Na mstaafu wa Uingereza anayeishi Kenya au Tanzania, hata kama alichanga sawasawa na wenzake, hapati nyongeza ya kila mwaka kabisa.

Historia hii inawafundisha makada mambo mawili. Kwanza, tusiulize tu pensheni ni kiasi gani. Tuulize inapimwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kiko mikononi mwa nani. Pili, sheria nzuri haijilindi yenyewe. Kutoa ni moyo, wahenga walisema. Lakini pensheni ni jasho la mtu lililowekwa akiba, na mwenye jasho hapaswi kusubiri moyo wa mtu mwingine. Chama kinachojiita cha wafanyakazi kitapimwa pia kwa jinsi kinavyowatendea wale ambao mikono yao imechoka.