Hongo na Nauli katika Kivuko cha Malagarasi

Msafara uliotoka Tabora kwenda Ujiji katika karne ya 19 haukuweza kufika ziwani bila kuuvuka mto Malagarasi. Magharibi ya Unyanyembe mto huu hutapakaa katika vinamasi vipana, kisha hujikusanya na kupita nchi ya Uvinza ukielekea Ziwa Tanganyika. Katika nchi hiyo, iliyojulikana sana kwa chumvi yake, ndimo kilimokuwamo kivuko, na mitumbwi yake ilikuwa mali ya wenyeji.

Habari zake nyingi zilizoandikwa zimetoka kwa watu waliolipa, wala si kwa waliolipwa. Kwa hiyo zimejaa manung'uniko. Richard Burton na John Speke walivuka mwanzoni mwa Februari 1858, kwa mitumbwi ya magome ya miti. Burton ataja wakubwa wawili: mtawala wa Uvinza, ambaye jina lake aliliandika Mzogera, na mtu aliyeitwa Mutware, ambaye yeye alimfasiri kuwa ni bwana wa kivuko. Tafsiri hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini. Katika Kirundi na lugha zilizo jirani nacho, umutware ni mkuu wa nchi au wa sehemu yake, na kitenzi chake, gutwara, kina maana mbili: kuchukua mzigo, na kutawala. Kitenzi cha Kiswahili kutwaa chaelekea kuwa ndugu yake. Basi aliyesimama ukingoni hakuwa mpiga kasia aliyejipa ukubwa. Alikuwa mkuu mwenye cheo, na kivuko kilikuwa sehemu ya madaraka yake.

Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Henry Stanley alifika mtoni akimtafuta Livingstone. Alikuwa amezunguka kwa kusini, kwa sababu vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida. Maelezo yake yaonyesha wazi jambo ambalo wasomaji wake wengi wamelipita: malipo yalikuwa ya namna mbili. Kwanza ilizungumzwa hongo ya Nzogera, mtawala wa nchi. Ilipokwisha, ndipo wavushaji walipodai yao, yadi nane za nguo, yaani doti mbili, pamoja na mafundo manne ya shanga nyekundu. Kwa malipo hayo walivushwa watu wanne tu wenye mizigo myepesi. Kisha wavushaji walihesabu shanga, wakasema mafundo mawili yamepungua, wakataka nyongeza. Siku hiyo hiyo punda wa Stanley, aitwaye Simba, alikamatwa na mamba alipokuwa akivutwa majini kwa kamba, akazama.

Malipo ya pili ni nauli, neno lililofika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Kiyunani. Hayo ni ujira wa kazi, na kazi yenyewe, kwa ushahidi wa punda yule, haikuwa nyepesi. Malipo ya kwanza ni kodi. Stanley aliyachukia yote mawili kwa kiasi kimoja, na waandishi waliomfuata wakayachanganya.

Tofauti ya mto na nchi kavu ilionekana siku chache tu baadaye. Huko Uha Stanley alitozwa hongo mara kwa mara, hata akaona afadhali kutoroka usiku kwa njia ya porini, naye akafaulu. Malagarasi haukuwa na njia ya porini. Msafara wenye pembe, nguo na wapagazi wengi usingeweza kuvuka kwa siri bila mtumbwi, na mwenye mtumbwi alijua jambo hilo. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya watawala wa Uvinza. Hawakuwa na haja ya jeshi kubwa kama la Mirambo ili hongo yao ilipwe.

Reli iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, nayo yapita Uvinza. Barabara ilingoja zaidi: Daraja la Kikwete, lililojengwa kwa mkopo wa Korea ya Kusini, lilifunguliwa mwaka 2015. Neno nauli limesalimika, na abiria wa treni hulitamka bila kinyongo. Hongo halikupata bahati hiyo. Kamusi ya Johnson ya 1939 ingali yalitaja kwa maana ya malipo ya kupita katika nchi ya mtu. Lakini katika mazungumzo ya leo hongo ni rushwa, na kuhonga ni kumlainisha mtu kwa fedha, awe karani au mpenzi.