Fungua Macho na Msako wa Programu Iliyojificha

Historia ya kusaka programu hasidi, yaani programu inayoingizwa katika kompyuta ya mtu bila ridhaa yake ili ifanye humo kazi asiyoijua, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya virusi na kinga zake: kirusi kinazuka, kampuni fulani inatoa dawa, na mwenye kompyuta anasafisha diski yake. Simulizi hiyo inawafaa watu waliosumbuliwa na virusi vya flashi, ambavyo huficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake, kwa kuwa virusi vya aina hiyo hujitangaza vyenyewe. Haitoshi hata kidogo kwa programu ya kijasusi inayouziwa serikali, ambayo thamani yake yote iko katika kukaa kimya. Kwa Uganda, mfano ulio wazi zaidi ni operesheni iliyopewa jina kwa Kiswahili, lugha ya kambi za jeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza: Fungua Macho.

Chimbuko lake ni mwaka 2011, pale ambapo, miezi miwili baada ya uchaguzi mkuu wa Februari, Kizza Besigye na wenzake wa upinzani walianza kutembea kwa miguu kwenda kazini kupinga kupanda kwa bei za mafuta na chakula, na serikali ikawajibu kwa mabomu ya machozi na kamatakamata. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa Oktoba 2015 na Privacy International, shirika la London linalotetea faragha, idara ya ujasusi wa kijeshi, CMI, ilinunua Desemba 2011 programu iitwayo FinFisher kutoka kampuni ya Gamma International GmbH ya Ujerumani, ikaitumia pamoja na Polisi ya Uganda. Waraka wa siri wa Januari 2012, ulioandikwa kwa ajili ya Rais, ulieleza kwamba shabaha ilikuwa wanasiasa wa upinzani na vyombo vya habari, na haukuficha kwamba siri za watu zingeweza kutumiwa kuwatisha. Ripoti hiyo ilitaja pia mitandao bandia ya intaneti iliyotegwa katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ilikana madai hayo.

Sheria ilikuwapo, kwa kiasi chake. Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti unasaji wa mawasiliano Julai 2010, siku chache baada ya mabomu yaliyoua watu zaidi ya 70 jijini Kampala, na sheria hiyo ilidai kibali cha jaji. Iliandikwa, hata hivyo, ikifikiria mawasiliano yanayopita njiani, ilhali FinFisher haikungoja njiani. Ilikaa ndani ya mashine yenyewe, ikisoma vibonyezo vya kibodi, ikiwasha maikrofoni na kamera, ikinakili nywila na mazungumzo ya Skype kabla hayajasimbwa, yaani kabla hayajageuzwa kuwa maandishi ya fumbo ambayo mtu wa kati hawezi kuyasoma.

Namna ilivyoingia ilitegemea imani ya mtumiaji. Ilijifanya picha iliyoambatishwa katika barua pepe, au sasisho la programu inayojulikana. Apple iliziba Novemba 2011 kasoro ya iTunes iliyoruhusu masasisho bandia ya aina hiyo, na Mozilla iliipelekea Gamma barua ya kisheria mwaka 2013 kwa sababu programu hiyo ilikuwa ikivaa jina la Firefox. Ikishaingia, ilijipenyeza ndani ya michakato halali ya Windows, na kwa hiyo aliyefungua orodha ya programu zinazoendeshwa aliona majina yale yale ya kila siku. Programu za kuzuia virusi, ambazo enzi hizo zilitegemea zaidi kulinganisha mafaili na alama za virusi vilivyokwisha kujulikana, hazikuwa na alama ya kulinganisha.

Msako wa kweli ulianza Julai 2012, wakati watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walipochunguza barua pepe walizotumiwa wanaharakati wa Bahrain, wakalikuta jina FinSpy, la programu ya ujasusi ya FinFisher, limesahauliwa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani ile inayoshikilia kazi inayoendelea na kufutika umeme unapozimwa. Mwezi uliofuata mtafiti Claudio Guarnieri alibaini kwamba seva za FinFisher, yaani kompyuta zinazopokea data iliyoibwa, hujibu anayezibishia hodi kwa maneno ya Kijerumani, Hallo Steffi, na kwa salamu hiyo ya kipuuzi akazitambua katika nchi kadhaa, Ethiopia ikiwamo. Ni nadra kwa siri ya gharama kubwa namna hiyo kufichuliwa na utani wa mwandishi wake.

Ujuzi huo ulimfikia mwenye kompyuta ya nyumbani Novemba 2014, pale Amnesty International, Privacy International na mashirika wenzao walipotoa bure Detekt, programu ndogo ya Guarnieri iliyopekua kumbukumbu ya muda badala ya diski. Haikuondoa kitu. Aliyepata onyo alitakiwa akate intaneti, aache kuitumia mashine ile na amtafute mtaalamu, na waundaji wake walisema tangu mwanzo kwamba kutopata kitu hakukuthibitisha usafi. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi, kwani Kaspersky ilieleza Septemba 2021 matoleo ya FinSpy yaliyobadilisha sehemu ya diski inayosomwa kabla Windows haijaamka, na kwa mashine ya namna hiyo kufuta mafaili yaliyoonekana ndani ya Windows kulikuwa kazi bure.

Jambo la kustaajabisha katika habari ya Uganda ni kwamba Fungua Macho haikufichuliwa kwa njia yoyote kati ya hizi. Ushahidi uliotolewa hadharani mwaka 2015 ulikuwa wa nyaraka na mahojiano, si wa diski wala kumbukumbu ya mashine ya mtu. Kampuni ya Gamma ya Ujerumani, iliyokuwa imebadilisha jina kuwa FinFisher, ilifilisika mwaka 2022, na Mei 2023 waendesha mashtaka wa Munich wakawashtaki waliokuwa wakuu wake wanne kwa mauzo ya Uturuki yaliyofanywa bila leseni. Uganda haikuwamo katika mashtaka hayo.

Kufikia hapo wapelelezi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye simu. Gazeti la The Wall Street Journal liliandika Agosti 2019 kwamba mafundi wa Huawei, kampuni iliyoipatia polisi mfumo wa kamera wa dola milioni 126, walikisaidia kitengo cha mtandao cha polisi kuingia katika mawasiliano ya mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, habari ambayo Huawei na polisi waliikanusha. Novemba 2021 Norbert Mao, kiongozi wa chama cha Democratic Party, alitangaza kwamba Apple imemwonya kuwa simu yake inalengwa na wadukuzi wa kiserikali, na mwezi uliofuata ikajulikana kwamba simu za wafanyakazi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliohusika na Uganda zilikuwa zimeingiliwa kwa programu ya kampuni ya NSO ya Israeli. Simu ya iPhone haimruhusu mwenyewe kuipekua kumbukumbu yake kama Detekt ilivyopekua Windows, na onyo la Mao lilitoka kwa mtengenezaji.