Ulevi na Tiba ya VVU: Kutoka Leseni hadi Kliniki

Mwambao wa Tanga ulikuwa na vileo kabla ya katani na kabla ya leseni. Mgema alikwea mnazi asubuhi na jioni, akachonga karara kwa kotama na kutega kibuyu; tembo la siku hiyo lilikuwa tamu, lililolala lilikuwa kali. Muheza na milimani watu walikamua miwa wakapata boha.

Katani ikabadili unywaji. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miongo iliyofuata manamba, vibarua wa mashamba ya katani, walimiminika kutoka bara, wengi bila wake wala wazee wa kuwakemea, na pombe iliyokuwa ya ngoma na matambiko ikawa ya kununua kwa ujira. Serikali ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya uhuru, zote ziliuona ulevi kuwa jambo la leseni na polisi. Sheria ya mwaka 1966 ilibana utengenezaji wa gongo. Ya 1968 ilisimamia uuzaji wa vileo. Mlevi mwenyewe hakuwa mgonjwa wa mtu.

Ukimwi ndio uliomfikisha kliniki. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kuanzia 2004 dawa za kufubaza virusi zikatolewa bure. Mgonjwa aliambiwa aache pombe, basi. Agizo hilo lilikuwa na kasoro: anayeamini kwamba kidonge na pombe vikikutana tumboni huwa sumu, siku ya kunywa huacha kidonge, si pombe. Dozi zikirukwa, virusi huzaliana upya na huweza kuwa sugu.

Tiba ya unywaji wenyewe ilipimwa nchi jirani, Eldoret nchini Kenya, na kwa Kiswahili. Watu 614 wenye VVU waliokuwa wakinywa kupita kiasi waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilihudhuria vikao sita vya kujifunza kukwepa vishawishi na kukataa glasi. Jingine lilipewa elimu ya afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kundi la vikao lilikunywa siku chache zaidi, na kiasi kidogo zaidi kila siku ya kunywa. Walioongoza vikao walikuwa washauri waliofundishwa kazi hiyo, si madaktari wa akili, ambao hospitali nyingi za mwambao hazina.